Nusu Iliyo Kubwa

Baba aliigawa alfahore kwa vidole gumba;
kisu kilikuwamo ndani ya lori, hakukitaka.
Biskuti mbili laini za wanga wa mahindi,
kati yake karameli nzito, rangi ya ngozi ya tandiko,
ukingoni nazi iliyokunwa, ya kuzagaa.
Alibana. Ilipasuka ovyo.
Nusu moja ilitoka kubwa kila mara,
na kila mara aligeukia dirishani
mpaka mkono wangu umalize kuchagua.

Ule ndio mwaka wa vitunguu saumu,
Mendoza hadi Valparaiso, mimi miaka tisa,
mama yuko hospitali kwa jambo nisiloambiwa.
Uspallata tulinunua boksi zima kwa mzee Belisario
aliyetoa chenji kama anayeng'olewa meno.
"Upande huu," Baba alisema, "ni dulse de leche.
Tukishatoka handakini, ni manhari.
Kolombia wataiita arekipe,
Meksiko watakamua mbuzi, waiite kaheta,
na kila mmoja ataapa jirani ndiye mwizi.
Maziwa, sukari, na mwiko usiokaa chini.
Basi. Mengine ni bendera."

Mpakani upepo ulikata masikio.
Afisa, Herminda Catrileo kwa kibao cha kifuani,
aliuliza kama tumebeba tunda, nyama, asali,
kitu chochote cha kuliwa.
"Hata chembe," Baba akajibu,
masharubu yamejaa nazi.

Afisa alimtazama. Akanitazama.
Kisha akajifuta mdomo wake mwenyewe, taratibu,
mdomo usio na kitu.
Baba akaelewa, akajipangusa kwa mkono wa koti.
Muhuri ukagonga. Lango likainuka.

Mjini Los Andes tulikula za Wachile:
biskuti kavu, nyembamba,
zimevikwa ute wa yai na sukari
unaovunjika kama barafu ya alfajiri dimbwini.
"Si mbaya," akasema, akifungua ya tatu.
"Haifikii ya kwetu," akifungua ya nne.
Mchovya asali hachovyi mara moja;
mchovya manhari hakumbuki idadi.

Mama alirudi nyumbani. Lori likauzwa.
Sukari aliyoipenda Baba
ikamrudia kwa jina lile lile,
ikala dole moja la mguu,
ikatulia, kama mgeni aliyeshiba kwa sasa.

Mimi niko Gouda, siku za Alhamisi,
kwenye kibanda cha Wietske,
mbele ya chuma kinachofoka mvuke wa mdalasini.
Kaki hutoka nyembamba, nami naipasua ubavuni
ingali inachoma,
naipaka shira, naifunika tena.
Hapa kisu hakina upendeleo:
pande mbili, unene mmoja, kila siku.
Wateja huilaza juu ya kikombe cha kahawa
hadi tumbo lake lilegee,
wakisubiri kwa subira ambayo kwetu
tungeiita ugonjwa.

Jana nilimpigia simu. Kwake ni asubuhi,
namsikia akinyonya mate, chai isiyo na kitu.
"Ndani yake wanaweka nini?"
"Shira, Baba. Si maziwa."
Kimya kirefu, cha kilomita nyingi.
"Masikini watu hao," akasema.
Halafu: "Isogeze kwenye simu. Vunja, nisikie."

Nikavunja.
Shira ilivutika uzi, ukakataa kukatika,
nikauzungusha kidoleni.
"Imetokaje? Sawasawa?"
Nilitazama viganja vyangu. Ilikuwa sawasawa,
kama mezani kwa fundi wa saa.
"Hapana," nikasema. "Moja ni kubwa."

Nikamsikia akihema, kiti kikilia,
mtu mzima akigeukia dirishani.
"Haya," akasema. "Chagua. Mimi sitazami."

Wietske alinigusa bega. Palikuwa na foleni.